Jina lao, mtaji wako: tulinganishe uwakala wa pesa, gesi, duka la dawa, kituo cha mafuta na mgahawa wa chapa

Mjomba wangu alistaafu ualimu mwaka jana huko Morogoro, na kiinua mgongo chake cha shilingi milioni 35 kilipoingia tu benki akagundua ana marafiki wengi kuliko alivyodhani. Wa kwanza alimletea mpango wa bodaboda kumi za hesabu. Wa pili, kuku wa mayai. Wa tatu alikuwa kijana nadhifu mwenye mkataba wa kurasa tisa: mjomba afungue tawi la mgahawa wa kuku wa kukaanga wenye jina linalojulikana mjini, alipe ada ya kujiunga shilingi milioni 12, kisha kila mwezi akate asilimia 6 ya mauzo awapelekee wenye jina.

"Mpwa, hii wanaiita franchaizi," aliniambia kwenye simu. "Ina tofauti gani na kile kibanda chako cha M-Pesa?"

Nilicheka. Baadaye nikiwa kwenye daladala nikaona mzee hakukosea. Kibanda kilikuwa na rangi ya kampuni, bei za kampuni na kanuni za kampuni. Vyangu vilikuwa hela, kiti cha plastiki na usingizi niliokosa. Wakala wa pesa, muuza gesi wa chapa fulani, mwendeshaji wa kituo cha mafuta, wote wanauza kwa jina la mwingine kwa mtaji wao wenyewe, hata kama mikataba yao haina hilo neno la kigeni.

Basi nikakaa nikamwandikia ulinganisho. Nimeupanga kwa maswali badala ya kueleza biashara moja moja, kwa sababu ukizisoma moja moja kila moja inapendeza.

Bei anapanga nani?

Hapa ndipo ningeanzia hata kama ningekuwa na milioni mia tano.

Chukua kituo cha mafuta. Bei kikomo inatangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Wenzetu Kenya wanaisubiri EPRA, mdhibiti wao, tarehe 14. Ndani ya fomula hiyo fungu la muuzaji wa rejareja limeshapigiwa hesabu, uwe hodari au mvivu. Ujanja wako unabaki kwenye lita unazouza na lita zinazopotea kabla hazijafika kwenye pampu. Halafu Jumatano yenyewe ina meno. Umejaza tangi Jumatatu kwa bei ya zamani, bei mpya ikishuka, hasara unaimeza peke yako. Ndiyo maana mwisho wa mwezi wenye vituo wengine wanaagiza kidogo kidogo wakinusa upepo, na wengine wanaandika "mafuta yameisha" huku tangi likiwa limejaa, wakisubiri bei ipande. Mwaka 2023 EWURA ilivifungia vituo kadhaa kwa mchezo huo.

Uwakala wa pesa umebanwa vilevile. Ada ya kutoa inapangwa na kampuni, kamisheni inapangwa na kampuni, na wewe huruhusiwi kuongeza hata shilingi mia. Juu ya kampuni ipo serikali. Tozo za miamala zilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, wateja wangu wa kila siku wakarudia enzi za kutumiana hela kwa kondakta wa basi. Septemba mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye zikapunguzwa tena. Kwa ile miezi miwili, hata hivyo, kibanda changu kilipigwa na uamuzi uliofanyika Dodoma, na mimi sina mahali pa kupandisha wala kushusha kitu ili nijifidie. Nilikaa tu nikiangalia watu wakipita.

Gesi ya kupikia ina nafasi ya kupumua. EWURA haiitangazii bei kikomo kama petroli na dizeli. Kampuni inakupa bei ya jumla na bei inayopendekeza iuzwe, lakini muuzaji wa mtaani anajua la kufanya: anaongeza elfu moja kwa kuupeleka mtungi mpaka jikoni, kuufunga regulata na kupaka povu la sabuni kuhakikisha hauvuji. Mteja wa ghorofa ya nne analipa hiyo elfu bila kununa.

Duka la dawa muhimu, lile lenye nembo ya DLDM, bei ni yako, isipokuwa jirani naye ana panado ileile.

Sasa rudi kwenye mgahawa wa mjomba. Ukurasa wa nne wa mkataba unasema bei "zitapangwa na makao makuu". Kuku, mafuta ya kupikia, mkaa au gesi, umeme, vyote utanunua wewe kwa bei ya soko la siku hiyo. Mafuta ya kupikia yakipanda wiki hii, bei ya ubaoni itasubiri kikao cha watu usiowajua. Na ile asilimia 6 inakatwa kwenye mauzo. Watu wengi wanaisikia kama asilimia 6 ya faida. Nilimpigia mjomba hesabu: ukiuza milioni 10 kwa mwezi, na baada ya kulipa kila kitu ikabaki milioni moja, wenye jina wanachukua laki 6 katika hiyo milioni. Ukiuza milioni 10 ikabaki sifuri, laki 6 bado wanaidai.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, sijui kwa nini sikuiona."

Hela yako inalala wapi?

Wanaokwambia uwakala wa pesa unaanza na laki tano hawakudanganyi. Hawakwambii tu kinachotokea mishahara ikitoka.

Wakala ana hela za aina mbili: taslimu kwenye droo na floti kwenye simu. Mteja akitoa, taslimu inapungua na floti inapanda. Akiweka, inakuwa kinyume. Siku ya kawaida vinapishana vizuri. Mishahara ikiingia, kila mtu anatoa. Saa nne asubuhi droo imekauka, simu ina milioni tatu ambazo mteja hazimsaidii kitu, na wewe unafunga kibanda kukimbilia benki au kwa wakala mkuu kubadilisha. Ukirudi, wale watatu waliokuwa foleni wako kibanda cha pili, na mmoja wao hatarudi tena kwako maisha yake yote. Januari ikifika shule zinafunguliwa, wazazi wanaweka ada, inakuwa zamu ya floti kukauka.

Sasa zidisha hilo kwa mitandao. M-Pesa ina floti yake, Airtel Money yake, Mixx by Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa ina yake, HaloPesa yake, na kama una mashine ya benki moja au mbili, nazo zinataka hela. Milioni 4 ukizigawa sehemu sita, hakuna sehemu inayotosha.

Daftari langu la 2020 bado ninalo. Mwezi mzuri, kamisheni za mitandao mitatu zilifika laki 4 na ushee. Pango la kibanda, elfu 80. Binti aliyenishikia mchana, laki moja na nusu. Nauli za benki, umeme, chakula cha mchana. Kilichobaki hakikufika laki moja na nusu, na humo ndani hakuna mshahara wangu mimi niliyefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 2 usiku. Kwa kijana asiye na kazi, hiyo ni ajira ya kuanzia na siibezi. Tatizo ni pale mtu anapotaka kuweka mtaji mkubwa. Nilipopata mkopo nikaongeza floti mara mbili, kamisheni ilipanda kidogo kisha ikagoma, kwa sababu wakazi wa mtaa ni walewale na vibanda vinaongezeka. Tena siku hizi duka la vipodozi, bucha na hata mama lishe wana lipa namba. Hela inatembea kutoka simu hadi simu bila kupita kwa wakala, na asiyetoa hanipi kamisheni ya kutoa.

Kwa gesi, hela inalala kwenye chuma. Dada yangu anauza Kimara, ana mitungi ya kilo 6 na 15, na michache ya 38 kwa wenye migahawa. Ukiingia uani kwake unaona mitungi mitupu imepangwa ukutani kama wanafunzi wa mstari wa asubuhi, na kila mmoja ni hela iliyosimama mpaka gari la kampuni lipite. Mteja anakuja na mtungi wa chapa moja, stoo imebaki chapa nyingine. Dada anapiga simu kwa muuzaji wa barabara ya pili, kijana wa bodaboda anakwenda kubadilisha mtupu kwa mzima. Wanasaidiana hivyo kila siku na hakuna mkataba unaolitaja jambo hilo. Anasema kwenye mtungi mdogo anabakiwa na kama elfu mbili, kwenye wa kilo 15 elfu nne mpaka tano, na hizo za kupeleka nyumbani ziko nje. Kidogo, ndiyo. Lakini mteja wa gesi anarudi kila mwezi bila kubembelezwa, na wateja wanaongezeka: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko, na mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa ruzuku kupitia REA, wakala wa nishati vijijini. Mtungi wa ruzuku ukiisha gesi, lazima kuna mtu ataujaza.

Kitu kimoja nilikiona kwake ambacho hakuna kipeperushi kitakuonyesha. Mama mmoja alirudi na mtungi wa kilo 15 akilalamika umeisha kwa wiki mbili. Dada hakubishana. Alichukua mtungi mzima mwingine wa shehena ileile, akamwonyesha namba iliyogongwa shingoni, uzito wa chuma kitupu, 15.3. Akaupandisha kwenye mizani. Ilitakiwa isome 30.3; ikasoma 29.2. Kilo moja na zaidi ya hewa. Akampa mama mtungi mwingine baada ya kuupima, akapiga picha mizani, akaitumia kwa msambazaji. Ilimchukua mwezi na nusu kurudishiwa. Kwa kipindi chote hicho jina lililokuwa mdomoni mwa mtaa lilikuwa la dada, sio la kampuni iliyochorwa kwenye mtungi. Ukiingia gesi, mizani ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya bango.

Duka la dawa muhimu, hela inalala kwenye rafu na kila boksi lina tarehe ya kufa. Mpango huu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 ili kuyabadili yale maduka ya dawa baridi ya zamani, na ndani yake kuna akili ya franchaizi bila ada ya jina: nembo moja, orodha moja ya dawa zinazoruhusiwa, watoa dawa waliopitia mafunzo, wakaguzi. Mwenye duka si lazima awe mtu wa afya, ila mtoa dawa lazima awe na sifa zinazotambuliwa na Baraza la Famasi, na akiacha kazi Ijumaa, Jumamosi duka halina mtu wa kuliendesha kihalali. Kwa mwenye binti au mkwe aliyesomea uuguzi, hii naipa alama za juu. Kwa mwenye kuajiri mtu baki, zinashuka sana.

Kituo cha mafuta nakipitia haraka kwa sababu milioni 35 za mjomba hazikifiki. Kuna namna mbili. Unajenga chako kwenye kiwanja chako na kuvaa jina la kampuni kubwa, au kampuni imejenga yenyewe na inakukabidhi uendeshe. Namna ya pili inaonekana nafuu, lakini shehena ya mafuta inalipwa kabla hujauza lita moja, na dhamana wanaitaka mkononi. Anayetaka jambo hili kwa mtaji wa kati aangalie vituo vidogo vya vijijini, ambavyo serikali imekuwa ikivilegezea masharti na kuvikopesha kupitia REA. Huko mshindani ni petroli ya kwenye chupa za maji.

Mgahawa wa chapa hela inalala kwenye kikaangio, friza, mabango, vigae vya rangi waliyoitaka wao, na kilemba cha fremu ya mtu mwingine. Mitungi ya gesi ukichoka unauzia muuzaji mwenzako wiki hiyohiyo. Vigae utawauzia nani?

Siku mkiachana

Swali hili watu huona haya kuliuliza mwanzoni, kama kuulizia talaka kwenye posa.

Mimi niliingia uwakala kwa mlango wa uani. Sikuwa na leseni ya biashara wala TIN, basi nikanunua laini ya uwakala iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kama walivyofanya wengi mtaani. Nilijaza floti yangu, nikajenga wateja miaka miwili. Siku moja laini ikafungwa kwa sababu mwenye jina alikuwa na tatizo lake kwingine kabisa, lisilonihusu. Floti yangu ya milioni moja na laki mbili ilikuwa humo. Kwenye kampuni nikaambiwa, kwa upole kabisa, aje mwenye laini. Mwenye laini alikuwa amehamia Tunduma na simu haipokei. Niliipata hela baada ya miezi mitano, nusu yake ikiwa imeishia kwenye "kumshukuru". Kwa hiyo kama ni uwakala, leseni yako, TIN yako, NIDA yako, laini kwa jina lako. Anayekuuzia ya haraka anakuuzia kesi.

Hata kwa wakubwa, jina la kwenye bango halikuambii nani anamiliki nini. Jamaa zetu walioko Marekani wanalijua hili vizuri. McDonald's inakutaka uwe na angalau dola 500,000 zako mwenyewe, zisizo za kukopa, lakini mkataba wake wa kawaida ni wa miaka 20 na unaweza kuuza mgahawa wako kwa mtu watakayemkubali. Chick-fil-A inadai dola 10,000 tu za kuanzia. Ardhi, jengo na vifaa ni vya kampuni, inachukua asilimia 15 ya mauzo na nusu ya faida inayobaki, na siku ukiondoka huna cha kuuza wala cha kurithisha watoto. Ya bei rahisi ni kazi nzuri yenye kipato kizuri. Ya bei ghali ni mali. Wote wawili wanaitwa wamiliki wa franchaizi.

Na ipo ya chini kabisa, ya usafi wa maofisi, inayouzwa sana kwa wahamiaji: unalipa ada, unapewa "wateja", unadeki usiku. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts, katika shauri la wasafishaji dhidi ya kampuni ya Coverall, iliona kwamba mtu ambaye kisheria ni mwajiriwa hawezi kutozwa ada ya franchaizi ili apate kazi yake mwenyewe. Ukimsikia ndugu yako wa huko anasema amenunua biashara ya usafi, muulize mteja akihama inakuwaje.

Kwa hapa nyumbani, angalia kwanza kama hilo jina ni lao kweli. Chapa ya biashara Tanzania Bara inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Zanzibar ni usajili mwingine kabisa, kupitia BPRA, wakala wa usajili wa huko, na cheti cha Bara hakivuki bahari. Mtu anayekuuzia haki ya kufungua tawi Unguja kwa cheti cha BRELA anakuuzia kitu ambacho hana.

Kurasa tisa

Marekani sheria inamlazimisha anayeuza franchaizi akupe kabrasha lenye vipengele 23 siku zisizopungua 14 kabla hujasaini wala kulipa. Humo kuna kesi alizoshtakiwa, ada zote, gharama za kuanzia, matawi yaliyofunguliwa na yaliyofungwa, hata mawasiliano ya walioacha. Tanzania na Kenya hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Kinachokulinda zaidi ni sheria ya mikataba ya kawaida, na sheria ya mikataba inaanza na dhana kwamba ulichosaini ulikisoma.

Mkataba wa mjomba niliusoma mara mbili. Ulikuwa na ukurasa mzima juu ya rangi ya sare. Juu ya eneo, yaani kama wanaweza kumfungulia mtu mwingine tawi mita mia mbili kutoka kwake, hapakuwa na sentensi hata moja. Kuhusu manunuzi ulikuwa na sentensi moja: viungo, unga na vifungashio vitanunuliwa kwa "msambazaji aliyeidhinishwa", bila bei na bila kusema itakuwaje msambazaji akikwama.

Hilo la mwisho si dogo. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi. Wakenya walichachamaa mitandaoni, nchi yenye viazi vya Nyandarua inakosaje chipsi? Jibu lilikuwa kwamba viazi vyao huagizwa kutoka nje, shehena imechelewa, na mkulima wa ndani hawezi kuuza mpaka apite kwenye viwango vya chapa ya dunia. Hao ni wakubwa wenye mtaji, walitoa samahani na wakapona. Mwalimu mstaafu wa Morogoro ambaye unga wa viungo umekwama Dar kwa siku nne, analipa pango na mishahara ya siku hizo nne kwa kuuza soda.

Kwa njia, chapa kama hizo kubwa mtu wa kawaida hapa hawezi kununua tawi moja. Kwa kawaida haki ya nchi nzima au kanda nzima anapewa mwekezaji mmoja, naye ndiye anafungua matawi. Akija mtu kukuuzia tawi la jina la kimataifa kwa milioni kumi na mbili, mpe chai, muage kwa heshima.

Na kodi: malipo ya kutumia jina la mtu, ile asilimia ya kila mwezi, yanakatwa kodi ya zuio, asilimia 15 kwa Tanzania, na anayetakiwa kuikata na kuiwasilisha TRA ni mlipaji. Yaani mjomba. Kijana nadhifu hakulitaja.

Nilichomwambia mjomba

Kama ungekuwa na miaka 24 na laki nane, ningekwambia uwakala wa pesa, kwa jina lako, pembeni ya kitu kingine kinachouzika: vocha, soda, mkate. Peke yake hautoshi tena.

Kama binamu yangu, yule muuguzi, angekubali kurudi Morogoro, ningekwambia duka la dawa muhimu, kwenye kata ambayo mtu anatembea nusu saa kufuata dawa. Hajakubali, na humlazimishi.

Mgahawa hapana. Si kwa sababu kuku hawauziki. Ni kwa sababu bei wanapanga wao, malighafi wanachagua wao, ukuta ni wa mwenye fremu, na unachobaki nacho siku mkiachana ni kikaangio cha mtumba.

Nikamwambia kati ya hizi tano ningechagua gesi, na nisianze na chapa moja. Kampuni itakushawishi uuze yake peke yake kwa kukupa bango na mitungi ya kuanzia. Kubali bango la mmoja kama masharti ni mepesi, lakini usisaini kipengele cha kukataa wengine mpaka umeuona mtaa unatumia nini. Chukua milioni 10, si 35. Nenda Zimamoto kabla ya kukodi fremu, usikodi halafu ukaambiwa mlango uko upande mbaya. Nunua mizani. Na umwombe dada ukae dukani kwake wiki moja kabla ya kulipa senti kwa mtu yeyote.

Alipinga kidogo. Gesi aliiona kama kazi ya vijana, ya kubeba. Mgahawa ulikuwa na kiyoyozi. Nikamwomba basi jambo moja: amwandikie kijana nadhifu amtajie watu wawili waliowahi kuwa na tawi wakaacha. Kijana alijibu, "Nitakutumia mwalimu, niko safarini." Hii ni wiki ya tatu.

Juzijuzi mjomba alipanda basi akaja Kimara. Dada anasema siku ya kwanza alikaa kwenye benchi kama mgeni, siku ya pili akaomba daftari. Jana amenitumia picha ya ukurasa, mistari imepigwa kwa rula: Jumatatu mitungi 31, Jumanne 27, Jumatano mvua, 12. Chini yake, kwa ile kalamu nyekundu aliyoshindwa kuiacha shuleni, ameandika: "Nani anapeleka mitungi siku ya mvua?"